Kibwengo cha Bibi Miwani

Jumatatu, 15 Desemba

Leo naanza. Mimi nasema, Mpangaji anaandika. Kalamu na mimi hatukuwahi kujuana. Mpangaji anakaa chumba cha uani, mchana anauza dawa duka la dawa, na mwandiko wake hata mimi nisiyesoma naona umenyooka. Daktari kaniambia nisiweke mambo kifuani, presha itapanda. Basi nayatoa. Nimemwambia Mpangaji aandike kila kitu, hata nikikohoa. Hapo nimekohoa. Andika.

Jambo lenyewe ni hili. Kimekuja kifurushi. Kimetoka kwa yule bibi mwingine, mama yake mkamwana wangu. Mimi namwita Bibi Miwani, maana miwani yake ina mnyororo, na akitaka kukudharau anaivua kwanza. Ndani ya kifurushi kidoli cha kitambaa. Miguu mirefu, kofia nyekundu yenye ncha, na macho ya pembeni kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Nilikitazama, kikanitazama. Nikasema moyoni, hiki kibwengo.

Mkamwana akakusanya watu akaeleza. Anakaa dirishani benki, kwa hiyo kueleza ni kazi yake. Eti wenzake wote kazini wanacho. Mchana kidoli kinawachunga watoto. Usiku kinaondoka kwenda kumwambia mzee wa ndevu nyeupe nani katukana na nani kamaliza chakula. Asubuhi kimerudi, kimekaa mahali pengine. Mtoto haruhusiwi kukigusa. Akikigusa, nguvu za kidoli zinaisha. Halafu Krismasi yenyewe, mzee wa ndevu analeta zawadi zote sebuleni, chini ya mti wa plastiki, watoto wakiamka wanakimbilia huko moja kwa moja.

Hapo ndipo nilipokaa wima. Moja kwa moja!

Mpangaji, andika hili vizuri. Toka mjukuu wa kwanza ajue kutembea, asubuhi ya Krismasi watoto wanaanzia chumbani kwangu. Hawajanawa, hawajala. Nawapa nguo mpya, mmoja mmoja, anavaa hapo hapo, namwambia geuka nikuone. Anageuka. Basi. Ndiyo Krismasi yangu hiyo, sina nyingine. Sasa nigeuziwe mgongo kwa sababu ya tambara?

Mwanangu naye hakutaka. Ni fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, kasema sisi tulikua na nguo mpya na tumbo lililojaa na hatukufa. Kasema hataki wanawe wachungwe na kitambaa. Nikafurahi, nikatikisa kichwa kama mtu asiye na upande. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wamekubaliana kukijaribu wiki hii, mkamwana ndiye wa kukihamisha, Jumapili wakae waamue.

Nikaulizwa na mimi naonaje. Nikasema mimi sina neno.

Jumanne, 16 Desemba

Nina neno.

Nimewaza hivi. Kitu kikiaibika, hakiheshimiwi. Kibwengo kikiaibika kila siku, Jumapili nani atakitaka? Mpango mzuri. Mpangaji kauliza kama sina dawa niliyosahau kumeza. Nimezimeza zote.

Mimi nilikuwa mpiga pasi na mtandika vitanda nyumba ya wageni, miaka na miaka. Naingia chumbani mgeni amelala, nachukua shuka chafu kitini, naweka safi, natoka, mgeni hajageuka. Mara moja nilichukua shuka ambayo mgeni mwenyewe alikuwa amejifunika, mzee mmoja mnene, muuza mbao, akaamka anauliza baridi hii imetoka wapi. Lakini hiyo hadithi nyingine. Mpangaji anasema turudi.

Alfajiri nikaamka kama kawaida yangu. Kibwengo kiko juu ya televisheni, pale pale kilipowekwa jana. Mkamwana kalala na uchovu wake, kasahau kukihamisha. Nikakishika miguu, nikakitumbukiza kichwa chini ndani ya kiatu cha kazi cha mwanangu. Mnakijua kiatu cha fundi wa majokofu? Hakuna mnyama anayekilalia. Miguu ikabaki nje inaning'inia. Nikarudi kitandani nikajifunika nikasubiri aibu.

Kelele! Mjukuu wa kati ndiye aliyekiona. Kaita nyumba nzima. Nikasema sasa. Kumbe wanacheka. Wamekipa na jina, wanakiita Kofia. Eti Kofia anataka kwenda kazini na Baba! Mdogo kalala chini kwa kicheko. Mwanangu kasimama na soksi moja, anatazama kiatu, mdomo unamcheza. Akavaa ndala akaenda nazo kazini, kisa asimsumbue Kofia.

Mkamwana akamwangalia mumewe kwa jicho ambalo sijaliona siku nyingi.

Mimi nikanywa chai.

Jumatano, 17 Desemba

Jana nilikuwa mpole mno. Kiatu ni kitu cha heshima ukifikiria, baba wa nyumba anakivaa. Leo nimetaka kionekane mwizi.

Nimekitia ndani ya debe la unga. Mpaka kifuani. Mikono nje, mdomo nimeupaka unga kwa kidole, kijulikane kilikuwa kinaiba. Nikamwaga unga kidogo mezani na kidogo sakafuni. Mkamwana na sakafu yake mnamjua. Ukimwaga maji anakutazama mpaka yakauke yenyewe. Nikasema leo kibwengo kinalala jalalani.

Kaingia jikoni kabla ya watoto.  Nikasikia mtu analia. Nikaenda mbio, mguu huu mbovu nimeusahau. Namkuta kashika meza, machozi yanamtoka, kumbe anacheka hawezi kusema. Ananionyesha kwa kidole tu. Mwanangu akaja, akaona, naye akaanza. Wawili wale wamesimama katikati ya unga wanacheka kama wachumba, watu wenye watoto watatu! Tangu mkamwana ahamishiwe benki ya mjini, hawa wanaongea habari za gesi na umeme tu. Leo mwanangu kampaka mkewe unga puani.

Tena kwa mikono yangu mimi.

Watoto ndiyo usiseme. Wa kati kamaliza chakula chote, na mboga zake, maana Kofia anaona. Mdogo kamuomba msamaha dadaye kwa jambo la mwezi uliopita, sisi wengine tulishalisahau.

Nimemuuliza Mpangaji kosa langu liko wapi. Kasema labda niache kukisogeza, kikae tu, watakichoka wenyewe. Mtoto wa watu, hajui mambo. Adui humwachi akae.

Ijumaa, 19 Desemba

Jana nilikifungia ndani ya kikapu cha nguo chafu. Wakasema kajificha, wakamtafuta nyumba nzima kwa furaha. Sitaki kulizungumza.

Leo nimebadili njia. Nimemwita mjukuu mkubwa. Ana miaka tisa, ana akili, karithi kwangu. Nikamkalisha kitandani nikampa karanga. Nikamwambia, mjukuu wangu, njoo nikuonyeshe kitu. Nikakichukua kibwengo mwenyewe, nikakigeuza, nikamwonyesha mshono mgongoni. Nikamwambia tazama uzi huu. Hiki ni tambara. Ndani pamba. Hakiendi popote, hakisemi na mtu.

Akautazama mshono. Akala karanga. Akasema, Bibi, mimi najua.

Nikasema unajua?

Akasema anajua tangu siku ya kwanza, na wa kati naye anajua, ila mdogo hawajaamua kama anajua. Halafu akaninong'oneza, akasogea mpaka sikioni. Usimwambie Mama, Bibi. Mama anakipenda sana. Atasikitika.

Nikabaki nimeshika kibwengo.

Sasa mimi nauliza, nyumba gani hii? Mama anawadanganya watoto wafurahi, watoto wanamdanganya mama afurahi, baba anacheka. Na mtu pekee anayesema ukweli ni mimi, na mimi ndiye ninayenyata alfajiri kama mwizi wa kuku.

Nikamuuliza na Krismasi je, mtaanzia wapi asubuhi? Akasema hajui. Zawadi zitakuwa sebuleni. Akachukua karanga zilizobaki, akaenda.

Zile karanga nilitaka nile mwenyewe.

Jumapili, 21 Desemba

Leo ndiyo leo. Wamekaa baada ya chakula, watoto wako nje kwa jirani. Mimi nimevaa gauni la kutokea. Nilikuwa na maneno yangu, nimeyapanga toka jana: tambara linaleta uongo, uongo unaleta utovu wa adabu, na kadhalika. Nilitaka nimalizie na machozi kidogo, si mengi.

Mkamwana kaanza. Kasema kusema kweli yeye alishaanza kukata tamaa. Ile Jumatatu alipanga kukihamisha, akalala. Na Jumanne akalala. Kila siku anarudi amechoka anasahau. Asubuhi anaamka roho mkononi, anakuta kimeshahamishwa, tena kwa ucheshi ambao yeye hana. Akamgeukia mumewe. Kasema, baba watoto, mimi nilijua hutaki jambo hili hata kidogo. Na bado umeamka alfajiri wiki nzima kwa ajili yangu. Machozi yakamlengalenga. Kasema kama mumewe aliyekataa anaweza kufanya vile, basi nyumba hii Krismasi yake itakuwa nzuri, iwe na kidoli au isiwe nacho.

Nikamtazama mwanangu. Nikasema sasa atakana. Nimemlea mwenyewe, nimemfundisha asichukue kisicho chake.

Mwanangu akapangusa mdomo. Akatazama dari. Akatazama feni. Akatazama kila kitu humo ndani isipokuwa mimi. Kisha akasema, si kitu, mke wangu.

Si kitu!

Mpangaji, andika kwa herufi kubwa. SI KITU. Kazi yangu mimi! Unga ule niliupaka kwa kidole changu! Mwizi nimemzaa mwenyewe, nikamnyonyesha, na leo kakaa mbele yangu anapokea shukrani kama mjumbe anayepewa shada.

Nami nifanye nini? Nikisema ni mimi, nimejianika. Nikinyamaza, nimeibiwa. Nikakohoa. Nikanyamaza.

Wameamua kinabaki. Mzee wa ndevu naye anakuja, na mti wa plastiki, na karatasi za kung'aa. Halafu mkamwana akanigeukia kwa upole wote, kanishika mkono. Kasema, Mama, na zile nguo zako za watoto tutazifunga kwa karatasi tuziweke pamoja na nyingine chini ya mti, zionekane nyingi.

Pamoja na nyingine. Yaani nguo zangu ziletwe na mzee nisiyemjua.

Wakauliza, Mama unaonaje. Maneno yangu yote niliyoyapanga yakapotea, hata machozi hayakuja. Nikasema mimi sina neno.

Jumatano, 24 Desemba

Jumatatu niligoma. Nikalala mpaka jua likawaka. Mwanangu aliyepewa sifa hakuamka, alikoroma, nilimsikia ukutani. Kibwengo kikabaki kilipokuwa, kwenye chujio la chai. Asubuhi mdogo akakitazama sana, akasema Kofia amekufa. Akaenda kutafuta kijiko cha kuchimbia kaburi. Wa kati akaanza kulia, yule anayejua! Mkamwana akamtazama mumewe, mumewe akatazama chai.

Jana nikakisogeza. Kwa sababu ya kelele tu. Nilikikalisha dirishani, kimekunja miguu, na kitambaa cha kichwa nimekifunga kama mimi ninavyofunga. Hiyo ilikuwa dharau. Wamekipenda.

Sasa sikiliza mpango wa leo, huu haukosi. Sheria yao inasema mkesha wa Krismasi kibwengo kinaondoka na mzee wa ndevu mpaka mwaka ujao. Mchana watoto walipokwenda kwa jirani, mkamwana akakificha juu ya kabati, ndani ya sanduku la safari. Watoto walipouliza akasema Kofia kasafiri. Mdogo akapunga mkono mlangoni, kwa nani sijui.

Basi nikaenda nikakitoa. Wao walikuwa sokoni. Kupanda kiti na mguu huu si mchezo, lakini nilishatandika vitanda vya juu na chini, ghorofa mbili za chuma, sitishiki na kabati. Nikapita na sebuleni. Nguo zangu wameshazifunga karatasi ya kung'aa, wamezipanga chini ya mti. Nikazichukua, nikararua karatasi, nikazificha chini ya mto wangu. Magauni mawili na suruali na shati lake. Nilizipiga pasi mwenyewe, mikunjo imesimama, hakuna mzee wa ndevu anayeweza kupiga pasi kola kama ile.

Kesho kibwengo kinakaa kwenye kiti changu, mlango wazi. Watoto wakitoka chumbani kwao kwenda sebuleni lazima wapite mlangoni kwangu. Watakiona. Watajua hakijasafiri, watajua ni uongo, na mdogo naye atajua, yaishe. Watakuja kwangu mimi niliyewaambia kweli. Hapo nawapa nguo.

Mpangaji kaweka kalamu chini. Kasema, Bibi, utamliza mtoto siku ya Krismasi. Nikamwambia okota kalamu. Mtoto akililia chumbani kwangu, si yuko chumbani kwangu?

Akaokota, lakini kaandika polepole. Nimeona.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mpangaji alikuwa anajiandaa kwenda kwao, nimemkalisha aandike kwanza, maana ni ushindi.

Niliamka kabla ya wote. Kibwengo kitini, mlango wazi, nguo magotini kwangu. Nikakaa. Nikasikia miguu. Mdogo ndiye wa kwanza, anakimbilia sebuleni, akapita mlango, akarudi nyuma. Akasimama.

Akakitazama kibwengo. Akanitazama mimi. Midomo ikaanza kumtetemeka. Kweli nitasema, hapo nikataka nikirushe chini ya kitanda. Nimechelewa.

Akapiga ukelele mpaka nahisi kwa jirani walisikia. Hakusafiri! Amebaki na Bibi! Kofia hakutaka kumwacha Bibi peke yake!

Wakaja wote. Wa kati, mkubwa, wako juu ya kitanda changu na miguu yao ya baridi, sebuleni hakuna aliyefika. Mlangoni mkamwana na mwanangu wamesimama na nguo za kulalia. Mkamwana anamtazama mumewe kwa mapenzi, anamsukuma na bega, hata hili umelifikiria! Mwanangu akafungua mdomo. Nikamkazia jicho. Akaufunga. Safari hii alinitazama usoni, na masikio yakamwiva.

Nikatoa nguo. Mmoja mmoja. Wakavaa hapo hapo. Nikasema geuka nikuone. Wakageuka, wa kati kageuka mara nyingi mpaka kaanguka. Kola imekaa. Mikono inatosha. Gauni la mdogo linamzidi kidogo, atalikulia.

Mdogo akamaliza kugeuka, akaenda kwenye kiti, akainama kwa adabu kabisa. Akakiambia kibwengo, asante kwa nguo, Kofia.

Na wa kati naye. Asante, Kofia.

Mimi nimekaa hapo hapo, naonekana kabisa.

Wakakimbilia sebuleni. Mkubwa ndiye aliyebaki. Kanipa shikamoo, kanikumbatia shingoni, kanisogelea sikioni kama siku ile. Kasema, asante kwa gauni, Bibi. Halafu kasema, wakati unatoka alfajiri uwe unainua miguu, ndala zako zinapiga makofi, nakusikia kila siku. Na kesho mpandishe juu ya feni, kule hujawahi kumweka.

Nikasema sijui unazungumza nini.

Mpangaji anacheka, sijui kwa nini. Andika. Hakuna mtu hata mmoja katika nyumba hii anayenishuku. Yule mtoto kabahatisha tu. Bibi Miwani kapiga simu mchana, akaambiwa kidoli chake kimehamia kwangu moja kwa moja, nadhani alivua miwani. Hiyo ya kwanza. Ya pili, kibwengo nimekikamata, kiko chumbani mwangu, chini ya ulinzi wangu, na mdogo kasema atakuja kila asubuhi kukiangalia kama bado kipo. Aje. Ataona kinavyoteseka.

Nimemwomba Mpangaji, kabla hajaenda, anishikie kiti. Anataka kujua cha nini.

Cha kufikia feni. Kesho alfajiri nakipandisha juu kabisa, kizungushwe mpaka kofia itoke. Tuone kama kuna atakayecheka.